Mji kasoro bahari, bendi mbili: Cuban Marimba na Morogoro Jazz

Mwana wa Reli

Wakuu salaam. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Wiki iliyopita nilipanda daladala pale Msamvu kuelekea mjini. Dereva alikuwa amefungulia redio, ukapigwa "Mtaa wa Saba". Nyuma yangu walikaa vijana wawili, mmoja akamwambia mwenzake, "Wakongo wa zamani walikuwa wanajua." Nikageuka nitie neno, konda akaita kituo changu, nikashuka. Tangu siku ile sijatulia. Wimbo ule ni wa Morogoro Jazz. Magita yale yalipigwa na watu waliokuwa wakinunua nyanya soko moja na mama yangu, na watoto waliozaliwa hapahapa chini ya Uluguru hawana habari. Tulipaswa kuwasimulia, tukanyamaza. Basi naanza leo, na mwenye lake aongeze.

Nimezaliwa 1957, nyumba za reli. Kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwetu, kuliko baiskeli na cherehani ya mama, kilikuwa gramafoni ya baba. Ya kwanza ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Nilipofika darasa la nne baba akanunua ya betri, ile ambayo kifuniko chake ndani kina spika, na ndipo mjomba wangu alipoanza kuja na santuri zake. Mjomba alikuwa akifanya kazi shamba la mkonge. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara umetoka, unamwona anakuja na kifurushi amekifunga kwa kitambaa, amekishika kwa mikono miwili kama amebeba mayai.

Baba alikuwa mtu wa Cuban Marimba. Mjomba alikuwa mtu wa Moro Jazz. Sharti la mle ndani ni upande kwa upande: baba akipiga upande mmoja wa Cuban, unaofuata ni wa mjomba, mpaka usiku uingie au betri zichoke. Baba alikuwa na kipande cha kanga iliyochakaa. Alikilowesha, akakikamua mpaka kikawa na unyevu tu, kisha akaifuta santuri kwa kufuata mifereji yake, kamwe bila kuikatiza. Halafu anapuliza sindano. Meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mfupi, mtu akikanyaga kwa nguvu sindano inaruka, kwa hiyo watoto tulikaa mkekani tumekunja miguu, hata kukohoa tulikohoa kwenye kiwiko.

Na kila mara yalikuja maneno yaleyale. Baba: "Sikilizeni huyu bwana anavyotamka." Mjomba akimjibu: "Shemeji, maneno tunayo kila siku. Sikilizeni gita." Nimekaa miaka hamsini na kitu nikifikiria mabishano yale, na leo naona kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya muziki wa mji huu.

Naendelea hapo chini, vidole vyangu vinataka kupumzika.

Kijana wa Kihonda

Shikamoo mzee. Niko mstari wa mbele hapa. Ila nina swali linanisumbua tangu zamani: mbona waliita "jazz"? Jazz ninayoijua mimi ni ya Marekani, tarumbeta na piano. Moro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, wote hao hawapigi hivyo. Au ni kuiga Wakongo, maana kule kuna OK Jazz?

Mwana wa Reli

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa kuwa jibu lake lina tarehe.

African Jazz ya Kabasele ilianza 1953. OK Jazz ya Franco, 1956. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944. Na Dar es Salaam Jazz ni ya nyuma zaidi, miaka ya thelathini. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na jina hilo kabla hata bendi hizo za Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, hazijazaliwa, tena kwa karibu miaka kumi. Kwao "jazz" ilikuwa na maana ya kikundi cha kisasa cha dansi: watu wamevaa suti, wana magita, tumba na ala za kupuliza, wanapigia watu wanaocheza wawiliwawili ndani ya ukumbi. Ukisikia "jazz" ulijua usije umevaa msuli.

Sasa muziki wenyewe walitoa wapi? Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika santuri za Cuba, zina herufi GV na namba. Watu walizijua kwa namba hizo. Zile son, muziki wa dansi wa Cuba, zilipofika pwani na kwenye vituo vya reli, watu walizipokea kama kitu chao, maana mdundo wake ulishawahi kutoka huku Afrika kwenda kule. Reli ya Kati ilifika Morogoro 1907, na mashamba ya mkonge yakauzunguka mji. Fikiria: watu wa makabila yote, mshahara wa kila mwezi, lugha moja ya kuelewana, na santuri zinashuka na treni kutoka Dar. Muziki wa Kiswahili wa mjini ungeota wapi kama si mahali kama hapo?

Na kwa nini bendi mbili? Kabla ya dansi kulikuwa na ngoma ya beni, na popote beni ilipoenda watu waligawanyika, Marini huku na Arinoti kule, wanashindana kwa mavazi, kwa nyimbo, hata kwa karamu. Dansi ikairithi tabia hiyo. Tanga walikuwa na Jamhuri na Atomic. Sisi tulikuwa na Cuban na Moro. Mtu hakuwa shabiki wa muziki kwa ujumla, alikuwa na upande wake. Mwanamuziki alipopanda jukwaani alijua wazi kwamba nusu ya mji inamngoja akosee. Huwezi kulegeza kamba katika hali hiyo.

Dada wa Mwembesongo

Shikamoo kaka yangu mkubwa. Umenikumbusha marehemu mama. Yeye alikuwa Cuban damu, jikoni hapiki bila kumwimba SAY. Tuambie habari za Salum Abdallah, maana vijana wakisikia Morogoro wanamtaja Mbaraka Mwinshehe wa Moro Jazz peke yake, na mimi hilo linaniuma.

Mwana wa Reli

Marahaba dada. Hata baba angekushika mkono.

Salum Abdallah Yazidu, herufi zake tatu ndizo hizo SAY, alizaliwa 1928. Wazee wa mji husimulia kwamba alipokuwa kijana aliipenda Cuba kupitia zile santuri mpaka akatoroka nyumbani aende kuiona kwa macho, akaishia Mombasa. Aliporudi aliijenga Cuba yake hapahapa. Mwaka 1948 akaanzisha bendi, mwanzo ikiitwa La Paloma, baadaye ikawa Cuban Marimba.

Naomba nikae kidogo kwenye sauti yake. Ukimsikiliza kwa makini utaona hapigi kelele hata kidogo. Anaimba kama mtu anayeongea na jirani yake barazani, kila silabi imekaa mahali pake juu ya vile vijiti viwili vinavyogonga. Watu waliopiga rumba kwa kuiga waliimba Kispanyola cha kubuni, wakitamka maneno yasiyo na maana ili mradi yafanane. Salum alichukua mwendo uleule akauvalisha Kiswahili cha kawaida, chenye mafumbo yetu na vijembe vyetu, na Kiswahili hakikupinda. Hilo ndilo baba alilokuwa akitaka tulisikie. Wimbo "Ngoma Iko Huku" unauelewa kabla hujaufikiria, kwa sababu hakuna neno lililonyongwa ili kuingia kwenye mdundo.

Alifariki Novemba 1965 kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kwamba baba alirudi kazini mapema, akafunga kifuniko cha gramafoni, akaweka juu yake kofia yake ya kazi, na hakuna aliyeigusa kofia ile mpaka siku nyingi zilipopita.

Wengi walidhani bendi itakufa naye. Juma Kilaza akaishika. Hapa nasema wazi kwamba Kilaza hajapewa haki yake katika mji huu. Kurithi bendi ya mtu kama SAY ni sawa na kupewa mimbari ya sheikh mkubwa Ijumaa inayofuata mazishi yake. Alisimama, akatunga, akaimba kwa namna yake, na Cuban ikaendelea kujaza ukumbi. Bila yeye Moro Jazz wasingekuwa na wa kushindana naye, na bila wa kushindana naye sidhani kama tungempata Mbaraka tunayemjua.

Mpwani wa Kongowea

Assalaam aleikum mzee wangu, niko Mombasa. Nimesoma hapo kwenye habari ya kutoroka nikatabasamu. Huku kwetu santuri za Cuban Marimba zilikuwa kila nyumba, wengine wakidhani ni bendi ya Mombasa. Lebo yake ilikuwa Mzuri, ya duka la Assanand. Babangu alikuwa nazo kasha zima, za zile nzito.

Mwana wa Reli

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kweli kabisa, Mzuri ya Assanand. Huku kwetu kiwanda cha kuchapa santuri hakikuwapo, kwa hiyo wanamuziki wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, walifuata Kenya. Nyumbani tulikuwa na redio: bendi inaenda Dar, inarekodiwa kwenye studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, kanda inabaki pale, na wimbo unapigwa nchi nzima. Kwa sifa mwanamuziki alikuwa tajiri. Mfukoni ilikuwa habari nyingine.

Hizo nzito za babako naomba tuzirudie baadaye, nina la kukuambia.

Sasa nimfikie Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa Juni 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, na katikati ya miaka ya sitini akaingia ndani ya bendi hiyo. Mjomba wangu alimwona mapema, na alichokuja kutusimulia siku ya kwanza hakikuhusu sauti. Alisema: "Kuna kijana anapiga solo, gita linamjibu."

Nilielewa nilipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Mjomba alinichukua kwenye bugi, lile dansi la mchana la vijana, nikapenya mpaka karibu na jukwaa. Bendi ya wakati ule ina magita yake: moja linashika besi, jingine la kati linarudia mlio mmoja bila kuchoka, na solo inatembea juu yao. Mwanzo wa wimbo ni wa mashairi, taratibu. Halafu waimbaji wananyamaza, na linakuja chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka. Nilitazama mkono wake wa kushoto. Alikuwa akipanda juu ya shingo ya gita, anapiga kisentensi kifupi, anasita, saksafoni zinaingia kwenye ule mwanya, anarudia kisentensi kilekile lakini safari hii mwisho wake ameubadilisha kidogo tu. Anasita tena. Watu waliokuwa wakicheza walikuwa wakiungoja ule mwisho, nao hautabiriki. Dakika tatu nzima amekaa kwenye sauti nne tano, na hakuna aliyechoka. Wapiga solo wote wa Afrika Mashariki walimsikiliza Dr. Nico, mpiga gita wa Kongo, na Mbaraka pia alimsikiliza, huwezi kuficha. Lakini yale masito, kule kumwachia mwenzako nafasi, ni mazungumzo ya watu wa kwetu. Mluguru hakukatizi ukiongea. Anangoja umalize, halafu anasema lake.

Ndiyo maana alipewa jina la Soloist National.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Bendi ya mji wa mkoani! Siku walipoondoka mjomba alitamba mtaa mzima kama vile yeye ndiye aliyepewa tiketi. Baba, kwa mara ya kwanza, aliomba apigiwe pande mbili za Moro mfululizo. Alisema ni kwa heshima ya safari, ila tuliona mguu wake unavyocheza chini ya meza.

Kijana wa Kihonda

Mzee hapo kwenye mguu wa baba umenigusa. Halafu Super Volcano ni nini? Kwenye intaneti nyimbo zingine zimeandikwa hivyo, zingine Morogoro Jazz, nachanganyikiwa.

Mwana wa Reli

Mwaka 1973 Mbaraka alitoka Moro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. "Shida", "Mashemeji Wangapi", hizo ni za Volcano. "Mtaa wa Saba" na "Expo 70" ni za Moro Jazz. Ukizisikiliza kwa kupanga hivyo utasikia tofauti: Volcano ina haraka zaidi na sauti imejaa, Moro Jazz ina nafasi ya kupumua. Mimi binafsi nabaki na Moro Jazz ya kuanzia 1968 mpaka 1973, na sitabishana na anayesema "Shida" ndiyo kilele. Kwa utunzi, huenda ni kweli. Kwa gita, hapana.

Mjomba alikasirika kama mtu aliyetalikiwa. Hakwenda kuwaona Volcano kwa muda mrefu. Kisha siku moja alikuja na kifurushi chake, akakifungua, na ya juu kabisa ilikuwa santuri ya Volcano. Hakuna aliyemuuliza.

Januari 1979. Vita vya Kagera vinaendelea, kila nyumba ina mtu aliyeko mbele au inayemjua, kwa hiyo taarifa ya habari ilisikilizwa watu wamesimama. Usiku ule tulikuwa tunangoja habari za vita. Ikaja habari kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Miaka 34. Mama aliweka chini ungo wa mchele. Baba akamtazama mjomba, mjomba akamtazama baba, na mtu wa Cuban ndiye aliyesimama kwanza kwenda kumshika mwenzake. Wote wawili walikuwa wamezikwa na barabara, SAY na Mbaraka. Walikuwa wamebishana miaka yote, sasa wakawa na msiba wa aina moja.

Mpwani wa Kongowea

Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Mimi nilikuwa skuli. Nakumbuka maduka ya santuri hapa yalivyompiga wiki nzima, mlango kwa mlango, wimbo ukiisha huku unaanza kule.

Dada wa Mwembesongo

Kaka, na sasa tunazipata wapi nyimbo hizi zikiwa safi? Zile za kwenye simu sauti imeoza.

Mwana wa Reli

Dada, hapo umegusa kidonda. Mwaka 1984 nilikuwa na kanda nne nilizorekodi kutoka redioni, Cuban na Moro tupu, zingine sijawahi kuzisikia tena mpaka leo. Jamaa mmoja aliniomba azisikilize siku mbili. Zilirudi baada ya mwezi, zimerekodiwa juu yake vitu vingine. Hakujua. Aliona ni kanda tu. Nilikaa nje mpaka giza likaingia.

Kwa wanaotafuta: mwaka 2000 kampuni moja ya Ujerumani, Dizim, ilitoa sidii ya Salum Abdallah yenye nyimbo za kati ya 1955 na 1965, jina lake "Ngoma Iko Huku", na nyingine ya Mbaraka, "Masimango". Zimesafishwa vizuri sana. Kuna pia mfululizo wa santuri kubwa za "Ukumbusho" uliotolewa Kenya, ukibahatika kuupata. Nashukuru Wajerumani kwa dhati, lakini ilinichoma kwamba ilibidi nimwombe mtoto wa dada yangu aliyeko Ulaya aninunulie sauti ya mtu aliyekuwa akiishi mitaa michache kutoka kwetu. Na zile kanda za RTD, ambazo sasa ziko TBC, ni mali ambayo Manispaa yetu ingetakiwa kuiombea nakala. Mji una barabara na shule zenye majina ya watu wengi. Weka chumba kimoja tu chenye spika nzuri, watoto wa shule waje wakae mkekani.

Kijana wa Kihonda, kazi yako leo usiku: piga "Ngoma Iko Huku", sikiliza maneno. Halafu piga "Mtaa wa Saba", sikiliza gita. Upande kwa upande. Usitumie spika ya simu, tafuta hata ya kukopa, maana besi ya wazee ni laini na simu inaimeza yote.

Kijana wa Kihonda

Nimefanya hivyo mzee. Nimerudia mara tatu. Hiyo sito ya gita uliyosema nimeisikia. Kesho namwekea na mama.

Mpwani wa Kongowea

Mzee wangu, lile kasha la babangu liko juu ya kabati. Nimelishusha sasa hivi. Ziko santuri kama ishirini, vumbi tele, moja imepasuka ukingoni. Nifanyeje?

Mwana wa Reli

Ndugu yangu, sikiliza kwa makini. Zile nzito zinavunjika kama sahani, usizilaze moja juu ya nyingine, zisimamishe. Usipake spiriti hata tone, inayeyusha uso wake. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ufuate mifereji, usikatize, na usilowanishe karatasi ya katikati kwa kuwa ndiyo yenye jina na namba. Iliyopasuka usiitupe, kama ufa haujafika mbali kwenye mifereji bado inaweza kupigwa na kunakiliwa. Usizipige kwa sindano ya santuri nyepesi, ni nyembamba, inazama chini na utasikia mikwaruzo tu. Zinataka sindano yao pana na mwendo wa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika.

Ukimaliza kuzifuta, nisomee kilichoandikwa kwenye lebo, moja baada ya nyingine, pamoja na namba. Niko macho.